Nisubiri prosesa mpya au ninunue kompyuta sasa?

Bwana Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi na mke wangu tunaendesha studio ndogo ya video hapa Tudor, Mombasa, na kazi yetu kubwa ni harusi. Mimi hupiga nikaha na shughuli za wanaume, naye hupiga kupamba na mambo yote ya akina mama ambako mwanamume haingii. Kazi zote hizo huishia kwenye kompyuta moja ya mezani ambayo tuliinunua ikiwa imeshatumika, yenye prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta) ya Intel Core i5-7400, RAM (kumbukumbu ya muda) ya gigabaiti 8 na diski ya kawaida ya kuzunguka. Imetulisha kwa miaka mingi, lakini sasa imetushinda. Video ya harusi moja huchukua usiku kucha kutoka ikiwa faili kamili, na tangu mke wangu aanze kutumia kamera yake mpya, picha zake hukwamakwama tunapozicheza hata kabla hatujaanza kuzikata. Wateja wameanza kunung'unika, na mama wa bibi harusi mmoja hunipigia simu kila mara kuulizia kazi yake, nami sina jibu la kumpa.

Fedha tunazo. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mshirika wetu kwa sababu ndiye aliyetoa mtaji wa kamera, amekubali tutumie hadi shilingi 180,000, na anataka tununue mara moja. Mimi ndiye ninayesita, kwa maana nimekuwa nikifuatilia habari za prosesa zinazokuja, na kila ninapokaribia kutoa pesa huzuka tetesi mpya inayonirudisha nyuma. Nimesoma kwamba Intel na AMD zote zinaandaa prosesa mpya za kompyuta za mezani, kwamba kasi itapita gigahetsi 6 (mizunguko bilioni 6 kwa sekunde) na huenda ikafika 7, kwamba viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) vitakuwa maradufu ya vya sasa, na kwamba bei haitapanda. Nikinunua leo, nahofia kwamba baada ya miezi michache nitakuwa nimekalia mashine ya zamani niliyoilipia bei ya mpya.

Jambo la pili ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Muuzaji mmoja wa hapa mjini ameniambia kwamba anaweza kuniwekea kompyuta ya kizazi kijacho kabla haijatoka. Anataka arbuni ya shilingi 60,000, na ameniandikia kwenye karatasi kwamba mashine hiyo itakuwa na kasi ya gigahetsi 7 na kwamba bei yake yote itakuwa shilingi 170,000. Kaka anasema tusithubutu. Mimi naona huenda ni bahati. Siku hizi hatuzungumzi vizuri kwa sababu ya jambo hili, na mke wangu amebaki katikati yetu. Tafadhali nishauri: tetesi hizi za kasi na bei ni za kutegemewa kiasi gani, na mtu mwenye kazi kama yangu afanye nini?

Wako,
Mpiga video wa Tudor, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Nianze na arbuni, kwa kuwa hiyo haiwezi kungoja. Usiitoe. Sisemi kwamba muuzaji huyo ni mlaghai, kwa maana simjui. Nasema kwamba amekuandikia mambo mawili ambayo hana njia ya kuyajua, yaani kasi ya prosesa ambayo haijaanza kuuzwa, na bei yake kwa shilingi za Kenya. Hata kampuni zinazotengeneza mashine zenyewe zimewahi kutangaza kasi na bei kisha zikashindwa kuzitimiza. Kisa kinachofanana zaidi na chako ni cha Apple cha mwaka 1999. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo Apple ilitangaza kompyuta ya mezani ya Power Mac G4 katika madaraja matatu (megahetsi 1,000 ni gigahetsi moja): megahetsi 400 kwa dola 1,599, megahetsi 450 kwa dola 2,499 na megahetsi 500 kwa dola 3,499. Prosesa zake zilitengenezwa na Motorola, ambayo ilishindwa kutoa za megahetsi 500 kwa sababu ya kasoro ndani ya chipu. Ilipofika Oktoba, Apple ilipunguza kila daraja kwa megahetsi 50 na kuziacha bei palepale zilipokuwa, kwa hiyo aliyekuwa na dola 2,499 mkononi akapewa megahetsi 400, kasi ambayo wiki chache kabla ya hapo ilikuwa imeandikiwa dola 1,599. Kampuni ilifikia hata kufuta oda zilizokuwa zimeshawekwa, na ni baada ya wateja kulalamika ndipo ilipobadili uamuzi huo.

Wateja wale walikuwa wameagiza mashine iliyokwisha kutangazwa rasmi, na aliyeiahidi alikuwa mtengenezaji mwenyewe. Wewe unaombwa utoe theluthi ya fedha zenu kwa mashine ambayo hakuna aliyeitangaza. Ukitaka kumpima muuzaji huyo bila kumvunjia heshima, mwombe aongeze mistari miwili kwenye karatasi yake: kwamba arbuni yote itarudishwa ikiwa kasi itapungua gigahetsi 7 au bei itazidi shilingi 170,000, na kwamba itarudishwa pia ikiwa mashine haitakuwa dukani kufikia tarehe mtakayokubaliana. Akikataa, kaka yako atakuwa amepata ushahidi anaouhitaji. Akikubali, bado ningekushauri fedha zako zibaki mfukoni, kwa sababu nitakazoeleza.

Tetesi za prosesa si uongo mtupu, na ndiyo maana zinamshika mtu mwenye akili zake. Nyingi zina chanzo halisi. Mtengenezaji hupeleka sampuli za majaribio kwa kampuni zinazotengeneza ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) na kompyuta kamili miezi mingi kabla ya uzinduzi, na baadhi ya matokeo ya majaribio hayo huvuja. Kwa njia hiyo watu hujua mapema majina ya familia mpya, idadi ya viini na aina ya soketi (tundu ambamo prosesa huchomekwa), na mara nyingi hupatia. Intel yenyewe imesema hadharani kwamba prosesa zake za Nova Lake zimekusudiwa kutoka mwishoni mwa 2026, kwa hiyo hukosei kuamini kwamba kuna kitu kinakuja.

Lakini kasi na bei ndivyo vitu vinavyoamuliwa mwisho kabisa. Chipu zikitoka kiwandani hupimwa moja moja na kupangwa kwa madaraja: zile zinazostahimili kasi kubwa bila kuzidi joto huwekwa juu, nyingine chini, na mtengenezaji hawezi kujua ni ngapi zitafaulu kwa kasi fulani mpaka azalishe kwa wingi. Bei nayo humngoja mshindani. Mwezi wa Julai 2019 AMD ilishusha bei ya kadi yake ya picha (kipande cha kompyuta kinachoshughulikia picha) ya Radeon RX 5700 XT kutoka dola 449 hadi dola 399 siku mbili tu kabla ya kuanza kuuzwa, kwa sababu Nvidia ilikuwa imetangaza kadi zake mpya siku hizo hizo. Ikiwa AMD yenyewe hubadilisha bei zikiwa zimebaki siku mbili, mtu anayekutajia bei miezi mingi kabla anabahatisha.

Upande wa kasi una historia ya kusikitisha zaidi, na ningependa uijue vizuri, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Tarehe 23 Juni 2003 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alizindua Power Mac G5 yenye kasi ya gigahetsi 2, na akaahidi mbele ya umma kwamba katika muda wa miezi 12 ingefika gigahetsi 3. Mwaka ulipokwisha mashine ya juu kabisa ilikuwa na gigahetsi 2.5, tena ikihitaji kupozwa kwa maji. IBM, iliyotengeneza prosesa hiyo, ilikuwa imekwama ilipohamia teknolojia ya nanomita 90, yaani ya kutengeneza chipu zenye sehemu ndogo zaidi. G5 haikufika gigahetsi 3 hata siku moja; iliishia 2.7, na Juni 2005 Apple ikatangaza kwamba inahamia Intel. Aliyekuwa akisubiri gigahetsi 3 za G5 ili anunue alisubiri kitu ambacho hakikuzaliwa.

Wakati huo huo Intel nayo ilikuwa imefika ukingoni. Pentium 4 ilizinduliwa Novemba 2000 ikiwa na gigahetsi 1.5, ikapita 3 miaka miwili baadaye, na watu wa Intel wenyewe walikuwa wakizungumzia gigahetsi 10 kana kwamba ni jambo la kungoja tu. Oktoba 2004 kampuni ilifuta hata toleo la gigahetsi 4 ambalo ilikuwa imeliahidi, na mkuu wake, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya hadhira huko Orlando kuomba radhi. Pentium 4 ilikoma kwenye gigahetsi 3.8.

Kilichowazuia wote hao ni joto, na kizuizi hicho kingalipo mpaka leo. Umeme ambao prosesa hutumia hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti, na ili kuongeza kasi ukiwa karibu na upeo wa chipu ni lazima uongeze volti pia. Chukua mfano rahisi: ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, matumizi ya umeme hupanda kwa takriban asilimia 33, na umeme wote huo hugeuka kuwa joto ambalo feni lazima ilitoe. Ndiyo maana kutoka gigahetsi 3.8 za mwaka 2004 hadi gigahetsi 6 za Core i9-13900KS, iliyotoka Januari 2023, ilichukua zaidi ya miaka 18. Prosesa za familia hiyo na iliyofuata zilikuja na gharama nyingine: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zingeweza kupokea volti iliyopita kiasi na kuharibika taratibu, ikatoa masasisho ya kurekebisha na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Masasisho hayo huzuia uharibifu, lakini hayaponyi chipu iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo ukiona i9 ya kizazi cha 13 inauzwa ikiwa imetumika kwa bei ya kuvutia, usiichukue bila dhamana ya maandishi.

Kumbuka pia kwamba gigahetsi zinazoandikwa kwenye boksi ni kilele ambacho kiini kimoja au viwili hufikia kwa muda mfupi, mashine ikiwa baridi. Unapotoa video, viini vyote hufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo, na kasi hushuka hadi pale ambapo feni inaweza kustahimili. Katika chumba kisicho na kiyoyozi hapo Tudor mwezi wa Februari, prosesa mbili zenye tofauti ya nusu gigahetsi kwenye boksi zinaweza kumaliza kazi yako kwa wakati uleule. Hata tukichukulia kwamba kasi inapatikana yote, tazama hesabu: Core i9-14900K ilizinduliwa kwa dola 589 ikiwa na gigahetsi 6.0, na ndugu yake 14900KS kwa dola 689 ikiwa na 6.2. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 3 na ushei. Kwa kazi ya saa tatu, dola 100 hizo zinakuokolea chini ya dakika sita.

Na gigahetsi zenyewe hazilinganishiki kati ya familia moja na nyingine. Core 2 Duo E6600 ya Julai 2006 ilikuwa na gigahetsi 2.4 peke yake na iliuzwa kwa dola 316, lakini iliiacha mbali Pentium 4 ya gigahetsi 3.8, kwa sababu ilifanya kazi nyingi zaidi katika kila mzunguko na ilikuwa na viini viwili. Kwa hiyo hata ikithibitika kesho kwamba kuna prosesa ya gigahetsi 7, hujaambiwa bado harusi moja itatoka kwa muda gani.

Ni haki nikupe na upande wa pili, kwa maana kusubiri kumewahi kulipa. Mwanzoni mwa 2017 Intel iliuza prosesa yake ya mezani yenye viini vinane, Core i7-6900K, kwa zaidi ya dola 1,000. Mwezi wa Machi AMD ikaleta Ryzen 7 1800X yenye viini vinane kwa dola 499. Aliyekuwa amesubiri miezi miwili alinusuru nusu ya fedha zake. Lakini hiyo ilikuwa hali ya pekee: kampuni moja ilikuwa imelala kwa miaka mingi bila mshindani. Leo wote wawili wako macho, na bei hupungua baada ya uzinduzi zaidi kuliko siku ya uzinduzi. Core Ultra 7 265K ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 394, na mwaka uliofuata ilikuwa ikipatikana Marekani kwa karibu dola 300. Anayenunua prosesa ya mezani mwezi wa kwanza mara nyingi hulipa zaidi, na zikiwa adimu hulipa zaidi hata ya bei rasmi, kama ilivyotokea kwa Ryzen 7 9800X3D mwishoni mwa 2024. Ukisubiri prosesa ya mwisho wa mwaka, basi itakubidi usubiri tena bei yake ishuke.

Sasa tuitazame bei mahali unapoilipa, yaani Kenya. Bei zote hizi ni za dola, na mara nyingi zile zinazotangazwa na Intel ni kwa mnunuzi anayechukua prosesa 1,000 kwa mkupuo. Juu yake kuna usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Lakini kinachoisukuma bei kuliko vyote hivyo ni shilingi yenyewe. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Mashine ya dola 599 ilihitaji shilingi 95,840 kwa kiwango cha kwanza na 77,870 kwa kiwango cha pili. Tofauti ya karibu shilingi 18,000 ilitokea bila prosesa kuongezewa hata megahetsi moja, na hakuna tetesi ya kompyuta iliyoitabiri.

Kitu kingine kimetokea ambacho kinabadilisha hesabu yako kabisa, nacho ni RAM. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi duniani kote, kwa sababu viwanda vichache vinavyoitengeneza, yaani Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara yake ya Crucial, chapa ambayo mafundi wengi wa kompyuta waliizoea kwa RAM na SSD (diski zisizozunguka, zenye kasi kubwa) za kuuziwa watu wa kawaida. Kwa hiyo hata prosesa mpya ikija kwa bei ile ile, gigabaiti 32 za kuiwekea hazitakuwa kwa bei ile ile. Ukisubiri prosesa ishuke huku RAM ikipanda, unaweza kujikuta umepoteza upande mmoja ulichopata upande mwingine.

Nimelikalia suala la tetesi kwa urefu kwa sababu uliniuliza, lakini naamini tatizo lako halimo katika gigahetsi. Fanya jaribio hili leo. Fungua kazi ya harusi unayoishughulikia, ianze kutoka, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na utazame ukurasa wa utendaji. Utaona michoro ya prosesa, RAM na diski ikipanda na kushuka. Nikikisia kutokana na ulivyoeleza, utakuta RAM imejaa karibu yote na diski iko kwenye asilimia 100 muda mwingi, huku prosesa ikipumzika kila baada ya muda mfupi ikisubiri data. RAM ya gigabaiti 8 ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni nzito mno kwa kazi hiyo. Hakuna prosesa itakayokuokoa na hali hiyo, iwe ya gigahetsi 4 au 7.

Kisha shika kamera ya mke wako na ufungue menyu ya muundo wa kurekodi. Angalia kama imeandikwa 4:2:2 na biti 10, alama zinazoonyesha wingi wa maelezo ya rangi ndani ya picha. Kamera nyingi mpya hurekodi hivyo kwa kutumia HEVC, njia ya kubana video, na picha zake ni nzuri sana kwa ngozi na kwa rangi za nguo za harusi, lakini ni nzito kufumbuliwa. Prosesa yako ya kizazi cha 7 ina sehemu maalumu ya kufumbua HEVC ya 4:2:0, yenye maelezo machache zaidi ya rangi, ila haina ya 4:2:2, kwa hiyo viini vyake vinne hulazimika kuifanya kazi hiyo vyenyewe, na ndipo picha hukwamakwama. Jambo hili ni kubwa kwako kuliko kasi yote unayoisoma. Intel iliingiza uwezo wa kufumbua HEVC ya 4:2:2 katika sehemu ya picha ya prosesa za mezani tangu kizazi cha 11. Apple inao katika chipu zake za M. Nvidia iliuleta katika kadi za RTX 50 mwaka 2025. Na prosesa za mezani za AMD za Ryzen 9000, ambazo ni nzuri kwa mambo mengi, hazina. Aliyekuahidi gigahetsi 7 hakuuliza kamera yenu inarekodi nini.

Ukikuta nimesema kweli kuhusu kamera, una njia ya kujisaidia hata kabla ya kununua. Programu nyingi za kuhariri zina uwezo wa kutengeneza nakala nyepesi za video: unakata ukitumia nakala hizo, na mwishoni programu hurudi kwenye picha halisi wakati wa kutoa. Ziache zitengenezwe usiku, na mchana mtakata bila kukwama. Harusi ya mama yule ianzieni hapo, naye umpe tarehe ya kweli badala ya kumkwepa.

Kuhusu ununuzi, maoni yangu ni kwamba mnunue sasa, na kwamba kaka yako yuko sahihi kuhusu wakati, ingawa wewe uko sahihi kwamba si kila mashine ya sasa inafaa. Ningetafuta kompyuta ya mezani yenye Core Ultra 5 245K, au 265K ikiwa fedha zitaruhusu, yenye RAM ya gigabaiti 32 na SSD ya NVMe (aina yenye kasi zaidi) ya terabaiti 1. Nusu ya shauri hili iko kwenye herufi ya mwisho ya jina: prosesa ya Intel inayoishia na F, kama 245KF, huuzwa rahisi kidogo kwa sababu sehemu ya picha imezimwa, na pamoja nayo umezimika uwezo wote wa kufumbua video ambao ndio unaoutafuta. Soma jina lote kwenye boksi na kwenye risiti. Ikiwa bei ya RAM itakubana, punguza kwenye prosesa kabla ya kupunguza kwenye RAM.

Mac mini yenye chipu ya M4 pia ingeweza kazi yenu, nayo inaonyesha jinsi tetesi za kasi zinavyoweza kukosa jambo lenyewe: ilipotoka mwaka 2024 bei yake ya kuanzia ilibaki dola 599 kama iliyoitangulia, lakini RAM ya msingi ilipanda kutoka gigabaiti 8 hadi 16, na kwa mhariri wa video hilo lilikuwa na uzito kuliko kasi. Mimi ningechagua mashine ya Windows kwa ajili yenu, kwa kuwa RAM ya Mac mini haiongezwi baadaye, na kwa kuwa mnahitaji mashine ambayo fundi wa Mombasa anaweza kuifungua na kubadilisha kipande kimoja siku ileile. Ila kama mke wako anaijua Mac na programu yenu inapatikana huko, sitagombana nanyi.

Kwa kaka yako, nenda na karatasi mbili: picha ya ile michoro ya RAM na diski, na bei ya mashine kamili kutoka maduka mawili au matatu, zote zikiwa na jina kamili la prosesa na muda wa dhamana. Yeye ametoa mtaji na ana haki ya kuona fedha zinaenda wapi. Mwambie pia wazi kwamba hutatoa arbuni ile. Nadhani mazungumzo yenu yatakuwa mepesi zaidi mkizungumzia video inayochukua usiku kucha kuliko mkizungumzia prosesa ambayo hakuna kati yenu aliyeiona.

Mashine ya zamani msiiuze bado, kwa maana haitawapa fedha za maana. Usiinunulie RAM, kwa sababu ni ya kizazi cha DDR4 na haitaingia kwenye mpya inayotumia kizazi cha DDR5, lakini SSD ndogo ya SATA (aina ya kasi ndogo kuliko NVMe) unaweza kuiwekea, nayo unaweza kuihamisha baadaye. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, kwa hiyo iondoeni kwenye intaneti. Itumieni kupokea kadi za kamera mnaporudi usiku kutoka harusini, na kuhifadhi nakala ya pili ya kila kazi mpaka mteja aipokee, aitazame yote na athibitishe kwamba imekamilika.